UZI: Umemaliza kozi ya uongozi wa sanaa, pesa ya kutekeleza mradi unaipataje na unaipangaje (Mtwara na Lindi)

Mtu_wa_Chuno

Wakuu salaam, wakubwa zangu shikamooni.

Naanzisha huu uzi maana ndani ya wiki mbili nimepigiwa simu na vijana watatu, mmoja Masasi, mmoja Nachingwea na mwingine hapahapa Mtwara mjini, wote wametoka kwenye kozi za uongozi wa sanaa na wote wana swali moja, cheti ninacho, mradi nimeuandika na nikausimamia mbele ya darasa, sasa nautekelezaje na pesa natoa wapi. Mimi nimeshapita hiyo njia na nimeumia humohumo, bora niandike sehemu moja watu wasome na wenye uzoefu waongezee.

Kwa ambao hawazijui, hizi kozi mnakaa miezi kadhaa mnafundishwa kuendesha kikundi, hakimiliki, kutafuta wadau, kuandika andiko la mradi na bajeti. Mwisho kila mtu anawasilisha mradi wa kwao. Baadhi ya kozi zinatenga fungu la ruzuku kwa ajili ya wahitimu wao tu, yani hushindani na dunia nzima, unashindana na wenzako mliokaa benchi moja. Hiyo ndio pesa ya kwanza ambayo mhitimu wa kwetu ana nafasi ya kweli ya kuipata, na ndio ninayoizungumzia.

Mimi nilipata milioni 9. Mradi ulikuwa vijana 10 wa Newala wajifunze kuchonga mapiko, yani vinyago vya kuvaa vya ngoma ya Wamakonde (kimoja ni lipiko), kwa mafundi wawili wazee, pamoja na ngoma yake. Vinyago vya mpingo watu wengi wanavijua, ukifika Mwenge pale Dar unavikuta vimejaa. Lipiko ni kitu kingine. Linavaliwa kichwani, anayecheza anaona kupitia mdomo wa lile lipiko, linachongwa kwenye mti mwepesi na fundi analikwangua kwa ndani huku anapima unene kwa vidole, akiacha zito mchezaji anashindwa kuzungusha shingo, akizidisha kukwangua linapasuka. Huwezi kujifunza kwa video hiyo kitu, lazima ukae miguuni kwa fundi. Na mafundi wanaojua kuchonga mpaka likacheza wanapungua kila mwaka, wazee wanaondoka.

Sasa kosa langu. Bajeti ya kwanza niliiandika vile tulivyofundishwa darasani, mwezeshaji anatoka Dar siku 5, laki 2 kwa siku, nauli, malazi. Wazee wangu wawili nikawawekea "posho ya washiriki" elfu 10 na soda. Nikaenda Newala kuwaeleza mradi. Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kunoa patasi yake kwenye jiwe, alafu akaniuliza taratibu tu, mjukuu wangu, huyo wa kutoka Dar anakuja kutufundisha nini?

Nilikosa jibu wakuu. Usiku ule sikulala, nikafuta fungu lote la mwezeshaji. Wazee nikawaandika WALIMU, elfu 60 kwa siku kila mmoja, siku 24. Hiyo ni 2,880,000, karibu theluthi ya pesa yote. Kamati ya ruzuku ikanipigia kuniuliza kwanini watu wawili wanakula fungu kubwa hivo, nikawajibu hawa ndio chuo chenyewe, ukiwatoa hakuna mradi. Wakapitisha. Kwahiyo mtu asikudanganye kwamba wafadhili hawaelewi, wanaelewa ukiwaeleza, tatizo sisi wenyewe tunawaandika wazee wetu kama washiriki kwenye ujuzi wao.

Jambo la pili ni mtiririko wa pesa. Yangu ilikuja kwa awamu tatu, asilimia 50, 30, 20. Ile 20 ya mwisho inatoka baada ya ripoti kukubaliwa, maana yake unatakiwa uwe umeshaitumia kabla hujaipata. Milioni 1.8 naitoa wapi? Nilikopa vicoba nikamalizia chakula na wapiga ngoma, ile pesa ikaja baada ya miezi minne na riba juu yangu. Sasa nawaambia wote, kwenye hiyo 20 ya mwisho weka vitu vinavyoweza kusubiri, malipo yako wewe mratibu, kuhariri video, kuchapa ripoti. Pesa ya mzee na pesa ya chakula zikae kwenye awamu ya kwanza, usijadiliane hapo.

Na kalenda. Niliandika mwezi wa 10 mpaka wa 12 kwasababu ndivyo dedilaini ilivyokaa. Mtu wa kusini unaandikaje hivo? Mwezi wa 10 korosho zinadondoka, kijana yupo chini ya mkorosho anaokota, mnada ukitangazwa kila mtu mawazo yako AMCOS, kwenye chama cha ushirika. Siku ya kwanza kati ya vijana 10 walikuja wanne. Ikabidi niandike barua kuomba kusogeza mpaka mwezi wa 5, mvua zimekata na kazi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho haijawachukua watu wote. Walinikubalia ila nilipoteza muda mwingi.

Karibuni, ulizeni na ongezeeni.

---

BintiKilwa

Kaka asante sana kwa huu uzi, umenigusa pale kwenye posho ya washiriki. Mimi nipo Kilwa Masoko, nilimaliza kozi mwaka juzi, mradi wangu ni wa kina mama wasusi wa mikeka ya ukindu. Kwetu hapa kila mradi wa utamaduni ukija unaenda kwenye magofu, ni sawa, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981 na zilikaa kwenye orodha ya hatari kuanzia 2004 mpaka 2014, kazi ya kuyaokoa ilikuwa kubwa na sisi ni mashahidi. Lakini mama anayekaa pembeni ya gofu na ukili wake mapajani hakuna anayemuona. Rangi zile za kuchemshia ukindu, mpangilio wa kusuka, majina ya mapambo, hayo yote yapo kichwani kwa bibi wa miaka 70 na kitu.

Nimeomba mara mbili nimekosa. Mara ya kwanza waliniambia mradi haupo wazi, ya pili wakasema wanataka taasisi iliyosajiliwa na mimi ni mtu mmoja. Nifanyeje?

---

Mtu_wa_Chuno

Dada yangu pole na hongera kwa kutokata tamaa. Nianze na usajili maana hapo wengi tunakwama. Ruzuku za wahitimu mara nyingi zinampokea mtu binafsi, ila mifuko mikubwa hapana. Mfano ule mfuko wa UNESCO wa uanuwai wa utamaduni, unaotokana na mkataba wa 2005, unafika mpaka dola laki moja ila unapokea mashirika na taasisi, mtu mmoja haombi. Kwahiyo mhitimu anabaki katikati, kozi imemuandaa kuwa kiongozi lakini karatasi zinamuona ni mtu wa kawaida tu.

Njia ni mbili. Sajilini kikundi halmashauri kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, mnaandika katiba yenu, muhtasari wa kikao, majina ya wanachama, alafu mnafungua akaunti ya benki ya kikundi. Sio kazi ya siku moja ila inawezekana, na hao kina mama wanakuwa wenye mradi, sio wewe. Njia ya pili ni kuomba shirika lililosajiliwa lipokee pesa kwa niaba yako, wengine wanakata asilimia kadhaa, hapo andikishaneni mapema kila kitu, pesa inaingia lini na inatoka kwa sahihi ya nani.

Kuhusu andiko kutokuwa wazi, uliandikaje lengo?

---

BintiKilwa

Niliandika "kuwawezesha wanawake kiuchumi kupitia sanaa za mikono".

---

Mtu_wa_Chuno

Ndio hapo. Hiyo sentensi inaweza kuandikwa na mtu wa Mwanza, wa Iringa, wa popote. Hayo uliyoandika hapa juu, majina ya mapambo, rangi za ukindu, bibi wa miaka 70, ndio andiko lako dada. Andika mabibi wangapi, mabinti wangapi watakaa nao, siku ngapi, mkeka mmoja unachukua siku ngapi kuisha na unauzwaje sasa hivi. Msomaji wa kamati aone mapaja yenye ukili, sio neno kuwezesha.

---

fundi_plateau

Nimesoma yote. Mimi ni mchongaji, baba yangu mchongaji, babu mchongaji, tupo upande wa Kitangari. Naongezea la risiti maana mwanangu alisimamia mradi mmoja likataka kumpeleka pabaya. Wafadhili wanataka risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Sasa mzee mpiga ngoma EFD anaitoa wapi? Mama muuza mihogo na ming'oko (viazi vya porini) ya chakula cha vijana anaitoa wapi? Ngoma kabla ya kupigwa inapashwa moto, unawasha majani makavu na vijiti unaigeuza ngozi juu ya moto mpaka ikaze, mlio ukishuka mnapasha tena, kwahiyo mnahitaji kuni na majani usiku kucha. Ile kuni anauza mtoto wa jirani. Mwanangu alirudishiwa ripoti kwa ajili ya kuni za elfu 15.

---

Mtu_wa_Chuno

Mzee wangu shikamoo, na asante sana. Hili lilinikuta na mimi. Dawa yake ni kuliongelea KABLA ya kusaini mkataba. Mimi niliwaandikia kwamba mradi unafanyika kijijini na watu wengi hawana mashine, nikapendekeza hati ya malipo yenye jina, kazi aliyofanya, tarehe, kiasi, sahihi au dole gumba, na mhuri wa mtendaji wa kijiji kwa orodha nzima. Waliokuwa na simu niliwalipa kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki kama ushahidi. EFD nikabaki nayo kwa vitu vya dukani tu, msasa, patasi, karatasi, kadi za kamera. Wakakubali na wakaliweka kwenye mkataba. Ripoti yangu haikurudi hata mara moja kwa sababu ya risiti.

Na hiyo siku ya malipo sitaisahau. Yule mzee aliyeniuliza swali la mwezeshaji, nilipomletea hati ya kusaini alisema subiri, akamwita mjukuu wake atoke ndani aje akae pembeni. Akasaini taratibu herufi moja moja, palipoandikwa "Mwalimu" akaweka kidole akamwambia yule mtoto soma hapa. Mtoto akasoma. Akamwambia soma tena.

---

Nauli_ya_Kusini

Nawaheshimu sana ila mimi nina mtazamo tofauti. Mnawafundisha vijana kusubiri wazungu. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 vijana, 4 wanawake, 2 watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Na kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa serikali unakopesha wasanii. Kwanini kijana mwenye cheti cha uongozi asikope akafanya kazi akarudisha? Ruzuku inazoesha watu vibaya, mradi ukiisha kila kitu kinakufa.

---

Mtu_wa_Chuno

Mkuu hoja yako ina uzito na sitaki kuipita juu juu. Mkopo ni mzuri kwa kitu kinachoingiza pesa haraka. Dada wa Kilwa akishakuwa na wasusi waliofundishwa na soko, aende akachukue ile asilimia 4 na kikundi chake cha watu watano au zaidi, anunue ukindu wa jumla, auze mikeka, arudishe, mimi nitamsindikiza. Studio ya kurekodi, mitambo ya muziki, kopa.

Ila kijana kukaa miguuni kwa fundi siku 24 hakuingizi shilingi mwezi huo. Anaanza kuchonga cha kuuzika baada ya mwaka, pengine miwili. Ukimpa mkopo anaanza rejesho mwezi wa tatu tangu akope, atachonga twiga wadogo wa kuuza barabarani ili arudishe, lipiko hatajifunza tena. Elimu yoyote ina mtu anayeilipia kabla haijazaa. Marehemu George Lilanga, mchongaji na mchoraji aliyefariki 2005, mtu wa huku kwetu kusini na kazi zake zimefika dunia nzima, alianza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa Dar, kulikuwa na nyumba yenye vifaa, na watu walioona anachochora wakampa nafasi. Mtu alibeba gharama ya ule muda. Hapa kwetu nani anabeba?

Kuhusu kufa mradi ukiisha, ni kweli yanatokea mengi sana, na mengi nimeyaona pesa imeishia kwa mratibu na ukumbi wa hoteli. Vifaa vyangu vya milioni moja na laki nne vipo Newala kwa wazee, patasi, mapanga, tezo, vimeandikwa kwenye daftari la kijiji. Kati ya vijana 10, sita bado wanachonga mpaka leo. Wanne wameacha, wawili kati yao wako kwenye bodaboda.

---

Nauli_ya_Kusini

Sita kati ya kumi bila mratibu kukaa juu yao si haba. Hapo kwenye vifaa kubaki kijijini nimekuelewa mkuu.

---

Nachi_Mpingo

Tahadhari moja kwa wanaoandika miradi ya mpingo. Weka kwenye bajeti kibali na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS (wakala wa misitu wa serikali), hata kama ni magogo matatu kwenye pikapu. Nilimsaidia rafiki kubeba, tukazuiwa kwenye kizuizi, tulikaa siku mbili na mzigo ukabaki. Kosa letu, hatukuwa na karatasi. Mpingo unakua taratibu mno, inaweza kufika miaka 70 na zaidi kabla ya kuvunwa, ndio maana wanabana. Kilwa vijiji vinavuna misitu yao kihalali, walipata cheti cha FSC 2009, kile cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, andiko likionyesha mti wako umetoka kwenye msitu wa kijiji unaosimamiwa vizuri kamati inakuamini zaidi na kijiji nacho kinapata chake.

---

fundi_plateau

Sahihi. Na jingine ambalo vijana wanalisahau, sio kila kitu kinarekodiwa. Mapiko yana mambo ya jando. Kuna sehemu ya kuvalia mchezaji, pale mwanamke hafiki, mtoto asiyeingia jando hafiki, sasa kamera inafikaje? Mfadhili akitaka video ya kila hatua mwambieni hapana.

---

Mtu_wa_Chuno

Mzee umesema kitu kikubwa. Sisi tulikaa kikao na wazee kabla ya kurekodi chochote, wakaruhusu kuchonga, kupasha ngoma na mchezo wa uwanjani. Kuvalia hapana. Nikaandika hivohivo kwenye andiko, nakala za video zibaki mbili, moja kwa wazee moja kwangu, na hakuna kuuza bila kikao. Sheria ya hakimiliki namba 7 ya 1999 inazo sehemu za kulinda sanaa za jadi pia, itajeni kwenye maandiko yenu.

Na mtu akiona wazee wanakuwa wagumu kutoa lipiko lipigwe picha au lisafirishwe kwa maonyesho, akumbuke kuna lipiko la Kimakonde liliibwa Makumbusho ya Taifa Dar 1984, likaja kuonekana kwenye makumbusho huko Geneva Uswisi, limerudishwa 2010. Miaka 26. Kwahiyo kama mradi unasafirisha kazi, iwepo pesa ya kupiga picha kila kipande, kupima, kuandika fundi ni nani, na karatasi ya makabidhiano yenye sahihi. Laki moja inatosha kwa hiyo kazi na unalala usingizi.

---

kijana_Masasi

Kaka mimi ndie niliekupigia simu wiki iliyopita. Nimerekebisha bajeti kama ulivyosema, naomba uangalie hapa hapa wengine nao waone. Jumla milioni 6, mradi wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, kwa vijana wa shule waliomaliza la saba, siku 16, mwezi wa 5.

Wapiga ngoma wazee watatu, posho, elfu 40 x siku 16 x 3 = 1,920,000
Mama wawili wa kufundisha nyimbo, elfu 20 x 16 x 2 = 640,000
Chakula watu 25, elfu 3 x 16 = 1,200,000
Kutengeneza ngoma mpya mbili na kuwamba ngozi nne = 500,000
Kuni na majani = 60,000
Usafiri = 480,000
Kurekodi na kuhariri = 500,000
Onyesho la mwisho kijijini = 300,000
Mratibu = 400,000

---

Mtu_wa_Chuno

Mdogo wangu umefanya kazi nzuri sana, inajumlisha vizuri 6,000,000 kamili na kuni umeziweka mwenyewe bila kukumbushwa. Mambo matatu.

Kwanza hao mama wawili, kwanini elfu 20 wakati wapiga ngoma 40? Sindimba bila nyimbo ni nini? Wapandishe wafike 40 nao. Utahitaji 640,000 nyingine, punguza kurekodi mpaka laki 2, tumia simu nzuri na maiki ya kuazima, usafiri toa laki na themanini, watoto wanatoka kijiji hichohicho. Laki 1 na elfu 60 iliyobaki itoe kwenye onyesho, mkacheze uwanjani bila kukodi turubai.

Pili, mratibu na kuhariri video ndio viende kwenye awamu ya mwisho.

Tatu, pale kwa wazee umeandika "posho". Futa, andika "ada ya walimu".

---

kijana_Masasi

Sawa kaka, nimebadilisha yote. Kesho naenda kwa Afisa Utamaduni na kwa mtendaji nipate barua, Jumamosi nakaa na wazee niwasomee bajeti nzima kabla sijatuma.

---

BintiKilwa

Jumamosi na mimi nawasomea ya kwangu mabibi zangu. Nimeanza kuandika upya, nimefika kwenye majina ya mapambo, mpaka sasa yapo 11 na bibi anasema bado.